Uzi: Waya na Wi-Fi kwenye ofisi za umma, tuziunganishe vipi?

Fundi wa Boma (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima mbele. Nina miaka kumi na moja kwenye kitengo cha TEHAMA cha halmashauri, uhamisho umenizungusha tatu, na kote nimekuta ugonjwa uleule: jengo moja, mitandao isiyojuana. Wa waya ulipigwa na mradi mmoja. Wi-Fi ikaja na mradi mwingine miaka kadhaa baadaye, ina ruta yake na nywila yake. Halafu kuna wa tatu, ambao hauko kwenye mchoro wowote, wameujenga watumishi wenyewe. Leo nawapa kisa cha huo wa tatu.

Siku ni 30 Juni. Aliyefanya kazi serikalini anajua maana yake: mwaka wa fedha unafungwa, wahasibu wanakimbizana na malipo kwenye MUSE, mfumo wa malipo wa serikali, dirisha la mapato lina foleni ya watu wa kontrol namba, zile namba za kulipia serikalini, kila anayepita anauliza "mtandao upo?" Saa nne asubuhi dirisha namba mbili likakata. Muda kidogo, namba moja. Kisha printa ya mhasibu. Lakini mhasibu wa meza ya pili yake anapeta kama kawaida. Mtandao ukifa wote unajua pa kuanzia. Ukifa madoadoa namna hiyo unaanza kushuku hadi watu wa kijijini kwenu.

Nikakaa kwenye kompyuta ya dirishani nikatazama anwani yake ya IP. Mtandao wetu mzima unaanza na 10. Hii ilikuwa imebeba 192.168.0.107. Kuna mtu humu ndani anagawa anwani, na si sisi. Kwa wasio wa fani: kompyuta ikiwaka inapiga ukelele mtandaoni, "nani ananipa anwani?", na kwa kawaida inamfuata aliyewahi kujibu. Seva yetu ilikuwa imezidiwa, kuna kitu kikawa kinaiwahi.

Nikaipingi 192.168.0.1, yaani nikaibishia hodi, nikachukua namba ya MAC iliyorudi, ile inayotambulisha kifaa chenyewe, nikaingia kwenye swichi kubwa, chombo kinachokutanisha nyaya zote, kuuliza namba hiyo inaonekana poti gani, yaani tundu gani la waya. Poti ya 19. Poti ya 19 haikuwa na lebo, na aliyepaswa kuiweka ni mimi. Basi nikaufuata waya kwa mkono: ukatoka kwenye raki, kabati la vyombo vya mtandao, ukapanda darini kwa popo, ukashuka masijala, ukazama nyuma ya kabati la mafaili. Huko nyuma nikakuta ruta ndogo nyeupe ya nyumbani, antena mbili, vumbi la miezi, na kikaratasi cha nywila kimebandikwa kwa selotepu. Waya wetu umechomekwa poti ya njano badala ya ya bluu, yaani kidude kizima kimeingia ndani ya mtandao wetu na ugawaji wake wa anwani.

Mwenye masijala ni mama mtu mzima, amebakiza miaka miwili astaafu.

"Shikamoo mama. Hiki cha nani?"

"Marahaba mwanangu. Alinifungia mwanangu wa mwisho alipokuja likizo. Hiyo Wi-Fi yenu huku haifiki, na nimewaandikia dokezo mara mbili."

Nikatoa simu yangu. Mstari mmoja, ukigeuka unapotea. Masijala iko kwenye jengo la Mjerumani, ukuta wa mawe unene wake unapita kiwiko changu hadi ncha ya vidole, na ndani mafaili yamepanda mpaka dari pande zote. Akses pointi ya karibu, yaani kidude kinachorusha Wi-Fi, ilikuwa korido ya jengo jipya, nje ya ofisi ya Mkurugenzi. Nilichomoa ruta, foleni ikasogea. Dokezo lake la kwanza nililikuta jioni kwenye trei yangu, chini ya kalenda ya mwaka juzi.

Karibuni. Nyie kwenu mmeunganisha vipi?

---

Mpiga Kebo

Naweka kambi hapa. Hiyo ya poti ya njano nimekutana nayo mara nyingi mno. Dawa yake ipo kwenye swichi yoyote inayosimamika: inaitwa DHCP snooping. Unaiambia swichi poti ipi ndiyo yenye haki ya kugawa anwani, wengine wote wakijaribu inawatupilia mbali. Ni amri mbili tatu. Sasa tatizo: nusu ya ofisi nilizoingia zina zile swichi za plastiki zisizo hata na anwani, zimening'inia nyuma ya meza kama mzinga wa nyuki.

---

Kijana wa Chaneli Sita

Wazee mnajitesa bure. Siku hizi kuna Wi-Fi 6, ng'oeni waya zote, kila mtu laptopu, maisha yaendelee. Waya ni mambo ya enzi za faksi.

---

Fundi wa Boma

Dogo, hiyo akses pointi ya Wi-Fi 6 utaining'iniza hewani? Nyuma yake kuna waya, na waya huo ndio unaobeba mzigo wa wote waliojiunga pale. Kila akses pointi ninayofunga inanidai kebo mpya, poti mpya na umeme.

Halafu tofauti ya msingi ni hii. Kwenye swichi kila kompyuta ina njia yake, gigabiti moja kwenda na gigabiti moja kurudi, hata kwa kebo ya Cat5e. Wi-Fi ni kijiwe cha kahawa: chaneli moja, kwa kawaida anayesema ni mmoja, wengine wanasubiri anyamaze. Wakiwa watano raha tupu. Wakiwa hamsini, na mmoja wao ana simu ya zamani iliyokaa mbali na inaongea polepole, mnasubiri wote. Na kwenye masafa ya 2.4 GHz chaneli zisizogongana ni tatu tu, 1, 6 na 11, hizohizo zinazotumiwa na saluni ya ng'ambo ya barabara.

Kwa hiyo msimamo wangu: kisichotembea kipewe waya. Dirisha la mapato, kompyuta za wahasibu, printa, kamera, mashine ya vidole ya mahudhurio. Wi-Fi ni ya kinachotembea: simu, vishikwambi, laptopu za wakaguzi na wageni. Lakini nyuma ya pazia viwe mtandao mmoja, msimamizi mmoja, daftari moja la nani ni nani.

---

Mkaguzi Mstaafu

Hapo kwenye "mtandao mmoja" ndipo mnaponitisha. Mimi nimekagua. Mgeni anakuja na simu yake imejaa takataka za mtandaoni, anajiunga Wi-Fi, na kwa huo muungano wenu yuko sebule moja na kompyuta inayolipa mishahara. Bora ibaki mitandao miwili yenye nyaya zake.

---

Fundi wa Boma

Mzee wangu, swali lako ndilo kila kamati inauliza, na lina haki. Tunaunganisha vyombo, haki za kuingia zinabaki tofauti. Swichi moja inaweza kubeba mitandao mingi iliyotengana, kila mmoja una namba yake ya VLAN. Kwangu fedha ni 10, watumishi wengine 20, printa na mashine za vidole 30, kamera 40, wageni 50. Waya unaokwenda kwenye akses pointi unabeba zile zinazohitajika huko tu, kila pakiti, yaani kila kifurushi cha data, imegongwa muhuri wa namba yake. Wa 50 akitaka kwenda 10 lazima apite kwenye fayawoli, mlinzi wa mpakani kati ya mitandao, na fayawoli inamjibu hapana. Anatoka nje kwenye intaneti, basi. Hata wageni wawili waliokaa benchi moja simu zao hazionani, kuna kitufe cha kuwatenga.

Mitandao miwili yenye nyaya tofauti uliyoizoea, mzee, ndiyo iliyomzaa yule kijana wa likizo na ruta yake. Hakuna aliyekuwa anaiona, kwa sababu kila mmoja alidhani ni ya mwenzake.

---

Mkaguzi Mstaafu

Nimekusoma. Ila ukaguzi wangu ungeanza na fayawoli yenyewe. Nimekuta iliyoandikwa kanuni moja tu: ruhusu wote kwenda kote. Ilikuwa inawaka taa nzuri sana.

---

Binti wa Radi

Hujambo nyote, mimi niko upande wa Kenya, kaunti moja ya magharibi. Faiba ya serikali, yaani kebo ya nyuzi za kioo, ile ya mkongo wa taifa wa NOFBI, ilitufikia vizuri. Shida ilianzia kwetu ndani ya ua. Kutoka jengo kuu hadi jengo la ardhi kulikuwa kama mita themanini, mkandarasi akavuta kebo ya shaba hewani, akaifunga kwenye nguzo ya taa. Kwa karatasi alikuwa sawa: kikomo ni mita 100, tisini za ukutani na kumi za kuunganishia. Lakini huku kwetu radi ni jirani. Mvua ya kwanza ya Machi tulipoteza swichi mbili, akses pointi tano na simu ya mezani ya karani. Radi haikupiga jengo, ilipiga mti kando. Ile kebo iliokota umeme ikausambaza pande zote.

Sasa sheria yetu ni moja: kati ya jengo na jengo ni faiba. Kioo hakipitishi umeme. Shaba inabaki ndani ya jengo moja.

---

Mpiga Kebo

Sahihi kabisa dada. Pasipochimbika, tupieni antena za mwelekeo, moja kila paa, 5 GHz, mnaziunganisha kama waya wa hewani. Tulifanya hivyo kati ya ofisi ya elimu na ukumbi. Kiangazi safi. Mvua zilipoanza, kila majani ya mwembe yakilowa, kiungo kinayumba. Tukaomba mwembe ukatwe. Bosi akakataa katakata, madereva wote wanakaa chini yake. Tukaongeza nguzo mita tatu. Mwembe unaendelea kukua, tunaangaliana.

---

Mama Vocha

Mimi si wa fani, nina duka nje ya ofisi fulani ya serikali. Wi-Fi yao naitumia mwaka wa pili sasa. Nywila alinipa mlinzi, na ni jina la ofisi na moja mbili tatu. Naomba msiifunge jamani.

---

Fundi wa Boma

😂 Mama Vocha umetuletea mada kuu bila kujua.

Nywila moja kwa ofisi nzima haina mwenyewe. Serikalini watu wanahama: huyu anakwenda Kigoma, yule anastaafu, mwingine alikuwa wa mafunzo kwa vitendo miezi miwili, wote wanaondoka nayo. Ili umtoe mmoja inabidi ubadilishe ya wote, na hakuna afisa TEHAMA anayetaka kuzunguka vyumba sitini kuandika nywila upya. Kwa hiyo haibadilishwi.

Tulichofanya sisi ni kila mtumishi kuingia kwa jina lake na nywila yake. Teknolojia ni 802.1X, na nyuma kuna seva ya RADIUS inayoshika orodha. Uzuri wake ni kwamba haijali umekuja kwa waya au kwa hewa. Mhasibu akichomeka laptopu ukutani anaulizwa wewe nani, anawekwa VLAN 10. Akichomoa akaenda kikaoni, Wi-Fi inamuuliza swali lilelile na kumweka palepale. Barua ya uhamisho ikitoka, Utumishi ananipa nakala, nafunga akaunti moja, milango yote inafungwa. Hapo ndipo waya na Wi-Fi vinapokuwa mtandao mmoja kweli. Kuchomeka akses pointi kwenye swichi bila hilo ni kurefusha waya tu.

Angalizo moja: wekeni cheti cha seva, yaani kitambulisho chake cha kidijitali, kwenye vifaa vya ofisi na muwafundishe watu wasikubali cheti kigeni. Mtu anaweza kukaa hapo kwa Mama Vocha na akses pointi yenye jina la ofisi yenu, akavuna nywila za wanaobonyeza "kubali" bila kusoma.

---

Kijana wa Chaneli Sita

Si mngefunga kwa namba ya MAC tu? Unaorodhesha simu zinazoruhusiwa, kwisha.

---

Mpiga Kebo

Dogo, MAC inaigwa kwa dakika moja. Halafu kuanzia Android 10 na iOS 14 simu zenyewe zinajitungia MAC bandia kwa kila mtandao. Utaorodhesha mpaka ustaafu. Mimi MAC naitumia kwa vile vizee visivyojua 802.1X, printa ya 2011 na mashine ya vidole, na hata hivyo navifungia VLAN yao visiongee na yeyote ila seva yao.

---

Karani wa Baraza

Swali la haraka wakuu. Kwetu madiwani wamepewa vishikwambi ili makabrasha yasichapwe tena. Siku ya baraza Wi-Fi ya ukumbini inakataa kabisa. Simu zinaonyesha mistari yote ila haziingii. Siku za kawaida ukumbi huohuo safi. Mwenyekiti ameshaanza kuulizia karatasi zake.

---

Fundi wa Boma

Mistari yote na huingii, mara nyingi anwani zimeisha. Hesabu: mtandao wa ukubwa wa kawaida, mafundi tunauandika /24, una anwani 254. Kila diwani kishikwambi na simu, weka wakuu wa idara, waandishi, na watazamaji wa nyuma. Na kama anwani inakopeshwa kwa siku nane, ambazo ndizo huwekwa kiwandani kwenye seva ya Windows, basi aliyepita Jumatatu kuuliza kibali bado anaishikilia ya kwake Jumatano. Wageni wakopeshe saa mbili tu. Fanya hilo leo, ni bure.

Kisha angalia majina ya Wi-Fi mangapi mnayarusha. Nimekuta ofisi yenye saba, kila idara na lake kama bendera. Kila jina linatangazwa kama mara kumi kwa sekunde, kwa mwendo wa taratibu kuliko wote, na hewa ni ileile ya kijiwe. Mimi nina mawili, la watumishi na la wageni. Idara zinatengwa na RADIUS, majina hayahusiki.

La mwisho, ukumbi wa watu mia usiutegemeze akses pointi moja kwenye kona. Weka mbili au tatu, chaneli tofauti, na upunguze nguvu ya kurusha. Ndiyo, upunguze. Akses pointi ikipiga kelele sana simu inaisikia lakini yenyewe haiisikii simu.

---

Karani wa Baraza

Nimeangalia na kijana wetu. Zilikuwa 254, zimejaa 254. 🙌 Mwenyekiti simwambii mpaka nione.

---

Mpiga Kebo

Wacha nitoe la moyoni kuhusu kebo, maana Wi-Fi mbovu nyingi ni kebo mbovu. Mitaani kuna boksi zimeandikwa Cat6 lakini ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Bei chini, na kwa zabuni ya bei ya chini ndiyo inayoshinda. Kwa kompyuta utaona inafanya kazi. Ipe kazi ya kubeba umeme wa akses pointi, utaniambia: umeme unapungukia njiani, akses pointi inazima na kuwaka yenyewe usiku na mchana, watu wanailaumu intaneti. Kata kipande, ukwangue kwa wembe. Ikitoka nyeupe, irudishe. Kwenye vipimo vya manunuzi andikeni wazi: shaba tupu. Neno hilo moja lisipokuwepo, Afisa Manunuzi hana pa kumkatalia mzabuni.

Na umeme wenyewe piga hesabu. Swichi yenye poti 24 haimaanishi inalisha akses pointi 24. Kiwango cha kwanza cha PoE, yaani umeme unaopita kwenye kebo ya mtandao, ni wati 15.4 kwa poti, mara 24 ni karibu 370. Swichi nyingi za bei nafuu zina nusu ya hapo kwa jumla, na akses pointi mpya zinataka kiwango cha pili, wati 30. Ukizidisha, za mwisho haziwaki, utazirudisha dukani ukidhani mbovu.

---

Binti wa Radi

Naongezea: hiyo PoE ina baraka yake. UPS moja nzuri, ile betri ya akiba, pale kwenye raki, na stima ikipotea, Wi-Fi ya jengo zima inabaki hai hata kompyuta za mezani zikizima. Laptopu na vishikwambi vinaendelea. Sisi ndivyo tulivyomshawishi waziri wa fedha wa kaunti, hayo ya VLAN hakuyataka kabisa.

---

Mfagizi Digitali

Nimecheka sana. Kazini kwetu mtandao ulikufa siku nzima, mkandarasi akaitwa kutoka mkoani. Chanzo: chumba cha mikutano kulikuwa na waya umelala sakafuni, upande mmoja uko ukutani. Mtu msafi akauona unaleta uchafu, akachomeka na upande wa pili ukutani.

---

Mpiga Kebo

Mzunguko! Habari zikaanza kujikimbiza zenyewe mpaka swichi zikapaliwa. Washeni spanning tree na BPDU guard, kinga za swichi dhidi ya mzunguko, poti zote za ukutani. Kosa kama hilo linazima poti yake tu, jengo halijui.

---

Mkaguzi Mstaafu

Na karatasi mnaziacha wapi? Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 ipo, miongozo ya eGA, Mamlaka ya Serikali Mtandao, ipo, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 hata orodha yenu ya nani ameingia Wi-Fi saa ngapi ni taarifa za watu. Mnaitunza muda gani, nani anaisoma?

---

Fundi wa Boma

Mzee hapo umenikamata kidogo. Mradi tuliupitisha kwenye kamati ya TEHAMA kabla ya kununua hata plagi moja, mchoro umo kwenye faili, na poti zote sasa zina lebo, ya 19 ikiwa ya kwanza. Kumbukumbu za kuingia tunazo, wanaozifungua ni wawili na kila kufungua kunaandikwa. Muda wa kuzifuta bado tunabishana na mwanasheria wetu, yeye anataka mfupi, mkaguzi wa ndani anataka mrefu.

Kwa anayetaka kuanza na hana fungu: usinunue akses pointi kwanza. Zunguka jengo na simu yako mkononi, chumba kwa chumba, uandike wapi mawimbi yanafika na wapi kuna kidude cha mtu nyuma ya kabati. Mimi nilivikuta vinne zaidi ya kile cha masijala. Vyote vilikuwa mahali ambapo Wi-Fi yetu haifiki. Ndiyo ikawa ramani yangu ya akses pointi, wala sikuhitaji mshauri. Pale masijala tulitoboa ukuta wa Mjerumani siku mbili nzima, drili moja ikafa, tukapitisha kebo moja na akses pointi ikawekwa ndani, juu ya mlango.

---

Kijana wa Chaneli Sita

Naufufua uzi. Mkuu, Juni 30 ya mwaka huu ilikuwaje?

---

Fundi wa Boma

Foleni ilikuwepo mpaka mlangoni. Saa tano dirisha namba mbili likasimama, nikatoka mbio na laptopu kwapani, jasho linanitoka. Karatasi za risiti zilikuwa zimeisha.

Mama wa masijala alipita akanikuta nimesimama pale nacheka peke yangu. Akaniuliza ruta yake iko wapi, mjukuu anaitaka. Nimempa, ila nimemwonyesha poti ya bluu.